Shingo Isiyogeuka

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi unanukia! Leo nimesoma kanuni za rufaa mpaka mwisho, heshima ambayo sijawahi kukipa kitabu chochote cha Takwimu. Kamati ya nidhamu imeamuru nirudie mwaka, eti nilichungulia karatasi ya jirani kwenye mtihani. Jirani mwenyewe ni Kamusi, msichana anayejua kila kitu na hachoki kukukumbusha. Naye kapewa adhabu ileile, eti alinionyesha. Lakini kanuni zinasema rufaa inasikilizwa ukileta ushahidi mpya. Mpya! Hawakusema lazima uwe wa kweli sana.

Rufaa ni Ijumaa na lazima nishinde. Shangazi, aliyenilea kwa cherehani yake, ameshanishonea suti ya mahafali. Kila mteja anayekuja kukunjiwa suruali anaonyeshwa. Habari za kurudia mwaka sijamwambia. Nikiufikiria uso wake, roho inaniuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nikiwa naoga, sabuni machoni. Msimamizi wa mtihani anadai aliniona nikigeuza shingo. Je, kama siku hiyo shingo yangu ilikuwa haigeuki? Nimekimbia kwa mjomba, dereva wa lori, aliyewahi kupata ajali na bado ana kola yake ya shingo. Kaniuliza ya nini. Nikamjibu ya masomo. Kanipa huku akisikitika kwamba elimu ya siku hizi ni ngumu kweli. Kola inanuka dawa ya kuchua na inanifika masikioni. Safi kabisa!

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi kutwa nzima. Nikiitwa nageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Nimegonga mlango wa maktaba, pipa la taka, na mhadhiri wa Takwimu. Mhadhiri kanipa pole. Pole! Kama yeye kaamini, kamati ni nani?

Kamusi hakuamini. Kanizuia kwenye ngazi, macho mekundu, akasema hakunionyesha kitu, wiki nzima chakula hakipiti, na kama nina utu niiambie kamati ukweli. Nikamwambia atulie: kama mimi sikuchungulia, basi na yeye hakuonyesha, kwa hiyo nikishinda tumeshinda wote. Akasema hilo ndilo jibu langu la kwanza kulipata bila kumwangalia yeye. Maneno ya mkosaji!

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Mjomba kampigia simu Shangazi kumpa pole ya shingo yangu. Shangazi akaja hosteli mbio, akanikuta nimeinama uvunguni natafuta soksi, kola iko juu ya kitanda. Nilikiri nusu: rufaa ipo, kuchungulia hakuna. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Kesho atanisindikiza. Kanuni zinaruhusu mtu mmoja, mradi asiseme neno. Shangazi, asiseme neno! Kasema ataweza. Na suti anakuja nayo, nikishinda niijaribu palepale. Nina furaha kweli!

Ijumaa, 8 Machi

Nilifika mapema, kola shingoni, Shangazi nyuma yangu na suti kwenye hanga. Karani wa kamati akatuketisha mimi na Kamusi kwenye meza moja, akampa kila mtu karatasi: andikeni maelezo, kwa maneno yenu wenyewe. Ndio utaratibu wao.

Karatasi tupu. Kichwa kitupu zaidi. Nilifanya mazoezi ya shingo, sikuandaa hata sentensi moja! Pembeni kalamu ya Kamusi inakwenda mbio. Nikajiambia nione tu anavyoanza, maana kuanza ndiko kugumu. Kola ikanizuia, nikaishusha kidogo. Shangazi akakohoa. Nikadhani ni vumbi. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikamsikitikia, kifua kibaya.

Ndani, mwenyekiti akasoma maelezo ya Kamusi, kisha yangu. Akavua miwani, akaifuta, akayarudia yangu kwa sauti: jirani yangu alichungulia karatasi yangu bila mimi kujua, ni mvulana, na ana tabia hiyo tangu mwaka wa kwanza. Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mwenyekiti akaniuliza huyo mvulana ni nani. Sijajibu, msimamizi wa mtihani akaniita kwa jina kutoka mlangoni. Nikageuka. Shingo peke yake, laini kabisa.

Basi, ushahidi mpya kamati ikaupata. Kamusi kafutiwa adhabu palepale! Akalia, nami nikajikuta nimefurahi kwelikweli, sijui kwa nini. Mimi narudia mwaka, na Jumatatu nikaandike barua ya kumwomba radhi, mbele ya karani.

Shangazi alitimiza ahadi, hakusema neno hadi nje. Aliifunika suti kwa mfuko wake, taratibu, akaniambia ataiongezea nafasi kwenye mishono, kwa sababu mwakani huenda nitakuwa nimenenepa. Hapo ndipo nilipolia.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mpya, mtu mpya! Nimeapa mbele ya Shangazi: sichungulii tena maishani. Kola nimeirudisha kwa mjomba, kaniuliza kama nimefaulu, nikamwambia kamati imenisikiliza sana.

Sasa niko kwa karani. Meza ileile. Barua ya kuomba radhi, kwa maneno yangu mwenyewe. Najuta, wallahi najuta, ila majuto hayaji na sentensi ya kwanza. Karani katoka kutafuta muhuri. Kushoto kwangu kuna jamaa wa Uhandisi, naye anaomba radhi, alivunja kioo cha bwalo kwa mpira. Ameshajaza ukurasa mzima! Mwandiko mkubwa, mzuri, unasomeka bila shida. Na shingo yangu, namshukuru Mungu, imepona kabisa.