Lumbesa ya Nehemia

Jumatatu, 9 Juni
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nehemia anautaka uenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda! Kiti changu, miaka minne! Wenzetu wameamua tushindane Jumamosi: kutoka hapa Muheza hadi mashambani, njia ya mawe na makorongo, kisha kurudi. Atakayetangulia ndiye mwenyekiti. Nimecheka. Pikipiki yake imechomelewa nondo kila mahali ili ibebe machungwa. Nimemwambia mbele ya watu kwamba hiyo si pikipiki, ni lumbesa, gunia lililoshindiliwa kupita mdomo. Akajibu kwamba mwenda pole hajikwai. Haya, asijikwae. Atafika Jumatatu.

Jumatano, 11 Juni
Ushindi ni wepesi. Nimemwamuru fundi Masoud akate ngao, keria, madigadi, na zile nondo mbili alizonichomelea mwaka jana chini ya kiti. Akagoma. Eti fremu ina ufa, na nondo ndizo zinazoishikilia. Nikamuuliza mwenyekiti hapa ni nani. Akakata huku akisema Inna lillahi. Uchuro!

Tumeipima kwenye mizani ya dalali wa machungwa. Imepungua kilo thelathini! Masoud anadai mizani ile hupunguza yenyewe, waulizwe wakulima. Wivu tu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetoka msikitini, Nehemia huyo na magunia matatu. Kanisalimu kwa adabu, kaniita mwenyekiti. Dharau!

Nimeususa wali wa nazi wa mke wangu Saleha, niwe mwepesi. Akasema wepesi wangu uko kichwani. Baadaye nikala ukoko, wote.

Jumamosi, 14 Juni
Nilitangulia! Hata mlio wake sikuusikia. Kwenye korongo la pili nikaruka. Mimi nikatua. Gurudumu la mbele likaendelea na safari. Fremu imekatika palepale penye ufa. Nikakaa chini na usukani mkononi, nikimtukana Masoud, dalali na mvua iliyochimba korongo.

Nehemia akatokea. Niliomba apite. Hakupita, mshenzi! Akauliza kama nimeumia. Akanipakia kwenye keria, mimi na vipande vyangu viwili, akatufunga mipira tusidondoke. Tukaenda hadi mashambani, tukarudi. Nondo zake hazikulia hata mara moja.

Kijiweni watu wakapiga kelele: Lumbesa! Lumbesa! Nilidhani wanaiita pikipiki. Saleha alikuwepo. Ndiye aliyenifungua mipira. Nilitaka kulia.

Jumapili, 15 Juni
Nehemia ni mwenyekiti. Katoka kanisani moja kwa moja, kaja kuniomba niwe katibu wake. Nimemfukuza!

Nimewaza, na kosa nimeliona. Nondo hazihusiki. Kilichovunja fremu ni uzito: ule ukoko. Nimedai marudiano. Vipande viko kwa Masoud. Aunganishe, kisha aondoe nusu ya kiti na breki ya nyuma. Breki ni nzito, tena kazi yake ni kunichelewesha.