Utepe wa Gurudumu la Mbele

Jumatano, 4 Juni
Daftari langu, hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba watoto hajambo, anakohoa tu. Mama mkwe hajambo, anakula vizuri. Kuku hawajambo wote wanne. Wifi naye hajambo, tena kanenepa. Mimi sijambo, isipokuwa moyo.

Wifi kamletea kitinda mimba wangu baiskeli! Binti kapata kazi ya ushonaji kule bondeni, anaanza Jumatatu. Shangazi mtu anasema mteremko si kitu. Mteremko ule! Mimi nikiushuka kwa miguu nashika kuta za watu. Mbele ya wifi nilicheka. Chooni nikalia.

Lazima baiskeli ilale nyumbani. Taratibu, bila mtu kujua.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemzungukia fundi baiskeli kwa maneno. Eti, tairi laweza kuishiwa upepo lenyewe? Kasema laweza, kama utepe wa ringi haupo. Ule mpira mwembamba wa ndani, unaofunika vichwa vya spoku visitoboe tyubu. Nikasema ahaa, kama mtu asiye na haja.

Binti kaenda kupimwa sare. Nimevua tairi la mbele kwa vijiko viwili. Kimoja kimepinda. Utepe nimeutoa, nimefungia mlango wa banda la kuku. Tairi nimerudisha, nimejaza upepo. Sasa nangoja liishiwe.

Ijumaa, 6 Juni
Haliishiwi. Gumu kama jiwe! Binti kazunguka uani anaimba. Nikarudi kwa fundi: huchukua siku ngapi? Kanitazama. “Mama, haliishiwi taratibu hilo. Linapasuka. Tena mteremkoni, kwenye kasi. Paa!” Nikarudi kinyumenyume, nikakaa kwenye beseni lake la kutafutia pancha. Lilikuwa na maji.

Mungu wangu, nitamwua mwanangu kwa vijiko! Mbio hadi bandani. Utepe haupo! Wifi kaukata vipande, kafungia kandambili zake. Na akanishukuru.

Jumamosi, 7 Juni
Fundi kafunga, kaenda msibani. Bahati jana alinieleza nikiwa bado nimetota: utepe ukiwa mpana mno, tairi halikai; ukiwa mwembamba mno, unateleza, vichwa vya spoku vinachungulia.

Bandeji: ikateleza. Kitambaa changu cha kichwa: tairi likavimba upande kama shavu lenye jino bovu. Mwisho nikachomoa lastiki ya sketi niliyoivaa. Upana ule ule! Nikaivuta, nikaishona, ikabana ringi kama bangili. Tairi juu yake. Nikatafuta pa kuchomeka pampu.

Sikutoboa tundu la nozeli!

Nikaanza upya, kwa msumari wa moto. Binti akatokea, akauliza nafanya nini. Naifuta vumbi, mwanangu. Mkono mmoja pampu, mwingine sketi.

Je, lastiki itastahimili ule mteremko?

Jumapili, 8 Juni
Nimeshindwa. Nimeikokota baiskeli mpaka kwa fundi, nikakiri yote. Nani yuko pale, kakaa benchi? Wifi! Fundi akaivuta lastiki yangu taratibu, haiishi, watu wanatazama. Wifi akauliza hivi siku hizi sketi yangu nayo inapanda baiskeli? Akacheka mpaka kandambili zikakatika. Nilifurahi kidogo hapo.

Fundi katia tepe mpya, mbele na nyuma. Nimeapa mbele yake: sigusi tena magurudumu.

Jumatatu, 9 Juni
Kafika salama! Jioni karudi, kanikumbatia, ananukia vitambaa vipya. Nimemshukuru Mungu kwa magoti yote mawili.

Kisha akasimulia. Eti kashuka mteremko wote bila kushika breki. Bila breki!

Magurudumu sigusi, nimeapa. Breki sikuzitaja. Nimezitazama, zina skrubu ndogo tu. Nimemwandikia dada, maana shemeji aliwahi kuwa na baiskeli: dada, skrubu ile ikikazwa mpaka mwisho, gurudumu huzunguka au halizunguki kabisa? Nijibu upesi, binti anaondoka kesho saa moja.