Mraba wa Nne

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ameniwekea mkataba. Mama yake anakuja Jumatatu kutibiwa goti, atakaa miezi mitatu, anahitaji chumba. Chumba chenyewe ndicho ninachochorea. Kina picha arobaini na tatu, na mimi. Nikauliza kwa adabu kama mama mkwe hawezi kulala sebuleni. Akauliza kwa adabu kama nina akili timamu.

Mkataba ni huu. Maonyesho ya picha ni Jumamosi na Jumapili. Nikiuza hata kazi moja, chumba kinabaki changu, mama atalala na bintiye, mimi nitajua pa kujibanza. Nisipouza, picha zote zinahamia banda la uani, ambalo mvua huingia bila kubisha hodi.

Moja tu! Kati ya arobaini na tatu! Mwaka jana sikuuza chochote, lakini hilo lilikuwa kosa la wateja. Mama mmoja aliniuliza picha ina maana gani, nikamweleza kwa dakika arobaini, mumewe akaja kumchukua. Mwaka huu sisemi na mtu. Nina mpango.

Msimbo wa QR! Kile kibandiko cha vidoa vyeusi na vyeupe kilichojaa kila mahali siku hizi. Mteja anaelekeza kamera ya simu, ukurasa unafunguka, picha zangu zote zipo, na bei, na maelezo. Anabonyeza, ananunua. Mimi nimekaa, nimekunja nne. Jirani yangu wa maonyesho, Bwana Machweo (anachora machweo tu, tangu nimjue jua lake halijawahi kuchomoza), huuza kwa kuchekacheka na watu. Mwaka huu acheke mpaka mbavu zimuume.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi wa kuchapisha, asubuhi na mapema. Ametengeneza ukurasa, ameingiza picha zote. Maelezo nimeandika mwenyewe. Akasema ni marefu. Nikamwambia sanaa si tangazo la sabuni.

Akanipa msimbo kwenye karatasi, mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Tukaujaribu kwa simu yake. Ukafunguka! Kwa simu yangu. Ukafunguka! Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma.

Akashauri achapishe nakala nyingi, nibandike moja pembeni ya kila picha. Karatasi! Kwa gundi! Kwenye ukuta wa msanii! Nikamwambia nitauchora mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, juu ya ubao, mkubwa kama meza ya kulia. Akasema sawa, ila nisibadilishe hata kidoa kimoja. Mimi, niliyeshika brashi miaka ishirini, nafundishwa kunakili vidoa. Nimemsamehe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechora tangu alfajiri. Rula, penseli, brashi. Kila kidoa nimekihesabu mara mbili. Mke wangu akaacha cherehani yake, akachungulia na pini mdomoni, akasema ni kama marumaru za bafuni. Saa kumi jioni msimbo umekamilika, sawasawa na ule wa karatasi.

Halafu nikarudi nyuma hatua tatu, kama nifanyavyo kwa kila kazi. Lahaula! Kumbe msimbo una kilema. Kwenye kona tatu kuna mraba mkubwa mweusi, safi kabisa. Kona ya nne, chini kulia, hakuna kitu! Vidoa tu, vimetawanyika ovyo. Jicho linateleza na kuangukia pale. Sijui nani alikibuni kitu hiki, lakini ni wazi aliitwa kula kabla hajamaliza.

Nimeuongeza mraba wa nne. Utulivu uliokuja hapo siwezi kuueleza. Nyeusi nayo ilikuwa kali mno, nikaipoza kwa kahawia. Mke wangu akauliza kama nimeujaribu kwa simu. Nikamkumbusha kuwa fundi alishaujaribu jana.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kutundika. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, amenipa ukuta wa mita tatu. Msimbo umekula nusu. Ilibaki nafasi ya picha mbili tatu, lakini zingeupunguzia heshima. Na picha zimo ndani ya simu ya mteja, ukutani za nini tena? Nimeziacha zote nyumbani. Msimamizi akauliza kama nina hakika nakuja kwenye maonyesho ya picha bila picha. Mke wangu aliuliza vilevile asubuhi. Wanawake hawa hawajuani, lakini jicho walilonitazamia ni lile lile.

Bwana Machweo ametundika machweo kumi na moja kwenye ukuta unaotazamana na wangu. Akaja kuutazama ubao wangu, akauliza kama ni chandarua. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumamosi, 8 Machi

Watu! Wamejaa tangu saa tatu! Wa kwanza akatoa simu, akaielekeza kwenye msimbo. Kimya. Wa pili, kimya. Nikasema ni mtandao. Wa tatu nikamwambia mkono unamtetemeka. Wengine nikawaomba warudi nyuma kidogo, maana ubao ni mkubwa na simu inataka nafasi. Wakarudi. Nikasema tena kidogo. Kufika saa sita kulikuwa na mstari wa watu wanaotembea kinyumenyume, simu hewani, na wote wanaishia mgongo kwenye ukuta wa Bwana Machweo. Yeye anawapokea kwa mikono miwili: pole mama, samahani kaka, basi geuka utazame. Ameuza machweo manne kwa wateja wangu!

Nikapanda kiti, nikaumulika ubao kwa tochi. Wapi!

Saa tisa akaja daktari wa meno. Hakutoa simu. Alisimama mikono nyuma, dakika kumi nzima, akauliza bei. Nikamwambia hauuzwi, hiki ni kibao tu, picha zimo ndani. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ndiyo, anaziona. Akasema miraba ile minne imetulia, hasa ule wa chini kulia, na mgonjwa mwenye hofu akiitazama atapoa. Anautaka kwa chumba chake cha kusubiria. Nikamweleza upya. Akadhani napandisha bei, akaipandisha mwenyewe. Nikakataa. Nani anauza mlango wa duka lake? Akaniachia kadi, akasema atarudi kesho jioni.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu akaja ukumbini saa nane. Nikamsimulia habari ya daktari nikicheka. Hakucheka. Akatoa ile karatasi ya fundi, akaiweka kando ya ubao, akahesabu kwa sauti. Karatasi, miraba mitatu. Ubao, minne. Akaelekeza simu kwenye karatasi, ukurasa ukafunguka. Kwenye ubao, kimya. Afadhali angefoka. Akaniambia polepole kwamba mteja yupo, anautaka hivyo hivyo ulivyo, nimuuzie na chumba kibaki. Nikamwambia kosa nimeliona na nalirekebisha sasa hivi. Akaniomba nisiguse kitu. Aliniomba mara mbili.

Nikapiga moyo konde. Mbele ya ukumbi mzima nikaufuta mraba wa nne, nikarudisha vidoa kimoja kimoja, nikaikoleza nyeusi. Saa kumi na moja na nusu nikaelekeza simu. UKAFUNGUKA! Nilipiga kelele mpaka msimamizi akapuliza filimbi. Mzee mmoja naye akaufungua, akasoma maelezo yangu hadi mwisho, mtu wa kwanza duniani! Akasema ameipenda picha ya ishirini na sita, nimwonyeshe. Nikamwambia iko nyumbani. Akasema yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia, akahamia kwa Bwana Machweo.

Dakika tano kabla ya kufunga, daktari wa meno huyo, pamoja na mkewe. Akauliza mraba wake uko wapi. Nikamwonyesha kwa fahari jinsi msimbo unavyofunguka. Akasema misimbo ya kufunguka anayo, imejaa hata kwenye makopo ya dawa ya meno. Wakaondoka. Filimbi ya mwisho.

Tumehamisha picha zote kwenda bandani. Mke wangu alinisaidia kubeba. Nilipogeuka nikaona kuta tupu, misumari peke yake, niliumia. Niliumia kweli. Miaka tisa nimechora mle ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amefika asubuhi na mkongojo na masanduku matatu. Na mke wangu, Mungu amweke, alishampigia daktari wa meno simu na kumbembeleza. Daktari amekubali! Mraba wa nne ukirudi, kesho saa nne anakuja kuuchukua ubao. Na mkataba umefufuka: ubao ukiuzwa, picha zinarudi chumbani, mama analala na bintiye. Amemwambia mama yake asifungue masanduku kwanza. Halafu akanishika bega, akasema ni mraba mmoja tu, nilishauchora, niuchore ule ule kisha niweke brashi chini. Nikaapa.

Nimeapa na nimetimiza. Saa nane mchana mraba ulikuwa mahali pake, mzuri kuliko wa mwanzo. Nikarudi nyuma hatua tatu kuufurahia.

Katikati! Kona zote nne zimeshiba, katikati pamebaki na njaa! Nilikuwa wapi siku zote hizi nisipaone? Mtu ananunua utulivu, mimi nimpe kazi yenye shimo? Nina dhamiri. Nimeweka wa tano. Mkubwa kuliko yote. Mwekundu.

Mama mkwe akachechemea hadi mlango wa banda, akahesabu kwa mkongojo, akasema yeye alisikia mteja anataka minne. Nikamwambia asiwe na hofu, daktari wa meno hawezi kulalamika kwa kuongezewa jino. Akageuza mkongojo, akarudi ndani. Sasa namsikia chumbani anafungua masanduku yote matatu. Haraka yote hiyo ya nini, na kesho saa nne itabidi ayafunge tena?