Matundu Ishirini na Ine ya Ngosa

Eddy alikikuta kile kisanduku kikizuia mulango wa choo, nyuma ya gesti moja iliyofilisika ya Nchelenge, kando ya ziwa, upande wa Zambia. Watu wote waliopita pale kujisaidia waliona jiwe la chuma. Eddy aliona moteri ya boti.

Mutu wa namna yake haangalii kitu. Anaangalia kile ambacho mujinga atakitoa ili akipate. Kisanduku kilikuwa cheusi, na usoni kina matundu ishirini na ine, yamepangwa mistari miwili kama meno. Ni swichi ya mutandao, kitu ambacho maofisi yanachomekea kebo ili kompyuta zao ziongee. Swichi haitengenezi mutandao, kama vile bomba lisivyotengeneza maji. Inagawa tu ulioletwa. Mulinzi wa gesti hakuyajua hayo. Alikiuza kwa sigara mbili, akaweka tofali mahali pake, na choo kikaendelea na kazi yake.

Eddy alikuwa na makaratasi ya pande zote mbili za ziwa. Upande wa Zambia ukimutafuta, alikuwa mutu wa Congo. Upande wa Congo ukimutafuta, alikuwa Muzambia tangu kuzaliwa, na anaumia kusikia wanamushuku.

Mujinga wake alikuwa tayari. Ngosa alikuwa na duka karibu na fasi mitumbwi inaposhusha chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, na alipenda kuitwa Direkta, ijapokuwa alichokuwa anakiongoza ni rafu tatu za sabuni na biskuti. Moteri ya boti ya nguvu za farasi nane ilikuwa yake kwa jina. Kwa kazi ilikuwa ya muke wake Yolande, mwanamuke wa Pweto, ng'ambo ya Congo, aliyekuwa anavuka nayo kupeleka sukari na kurudi na mawese. Ikikohoa aliifungua mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Bila moteri ile, nyumba ya Ngosa ingekula biskuti mpaka ziishe.

"Direkta," Eddy alisema, akilaza kisanduku juu ya kaunta kama mutoto wa kubatizwa, "minakutafuta tangu Lubumbashi."

Alikichomeka kwenye umeme. Halafu akatoa kebo ya bluu yenye vichwa vya plastiki kila upande. Kichwa kimoja, tak, tundu la kwanza. Kichwa cha pili, tak, tundu la mwisho. Taa za kijani zikaanza kurukaruka kama vichaa.

"Iko nafanya nini?" Ngosa aliuliza.

"Iko nakula mutandao ku satelaiti. Bila bando, bila kampuni, bila muzungu. Mutu mumoja, tundu limoja. Unavuta kebo mupaka kwa nyumba yake, njo basi. Pasteri tundu lake, mwalimu tundu lake, bote banakuya kwako kuomba."

Ngosa alifikiri. Swali lililotoka linatosha kumueleza mutu muzima.

"Na kama nataka kumukata mutu?"

Eddy alijua saa ileile kwamba moteri imeshakuwa yake.

"Unachomoa. Kidole kimoja tu. Anabaki sawa mutu wa zamani."

Ngosa akagusa tundu la saba. "Shemeji yangu Chola nitamuweka hapa," alisema polepole. "Nitamuweka siku ya kwanza. Siku ya pili nitamukata."

"Sasa fungua telefone yako, Direkta."

Kwenye telefone ya Ngosa kulikuwa kumetokea mutandao mupya, na jina lake NGOSA DIREKTA. Alilisoma mara mbili, midomo ikitembea. Mutandao ule ulitoka kwenye telefone nyingine, iliyokuwa imelala ndani ya mufuko wa suruali ya Eddy, lakini mutu aliyeona jina lake limeandikwa hewani haulizi tena mambo ya mifuko.

Yolande alikuwa amesimama mulangoni na beseni la chisense. Alikulia kwenye nyavu, na mutu wa nyavu akiona kamba anaifuata kwa mukono mpaka mwisho, aone imeshika nini. Akaweka beseni chini, akaifuata ile ya bluu kutoka tundu la kwanza. Akafika tundu la mwisho.

"Papa Eddy. Hii kamba inatoka mu kisanduku, inarudia mu kisanduku kilekile. Inavua nini?"

"Mama, ule ndiyo ufundi, ile njo tekniki."

"Tekniki."

"Yolande," Ngosa alisema, "uache mutu wa kazi afanye kazi."

Eddy akaomba choo. Mutandao ukaenda naye. Ngosa akatikisa telefone, akaipuliza. Eddy aliporudi, akifunga mukanda, mutandao nao ukarudi.

"Ni mawingu," Ngosa alieleza.

Yolande aliangalia mufuko wa suruali ya Eddy.

Eddy alikataa kusikia habari za kulipwa franga, eti zinamuletea kichwa kuuma. Alitaka tu ile moteri ya zamani iliyolala nyuma ya duka. Ngosa alikubali mbele ya wateja watatu, na kwake yeye ni afadhali kupoteza moteri kuliko kurudi nyuma mbele ya wateja watatu.

"Ile moteri njo inatulisha," Yolande alimuambia.

"Tutakula matundu," Ngosa alijibu.

Yolande aliiangalia tena ile kebo ya bluu. Halafu akageuka na sauti tamu.

"Basi, Papa Eddy, unikatie kakipande ka kebo. Nitaanikia nguo. Na miye niisafishe moteri, isikuye kwako na buchafu."

"Mama, uko na roho muzuri," Eddy alisema, akatoa kebo nyingine, akamukatia urefu wa mukono. Alikuwa mukarimu sana kwa vitu vya kuokota.

Yolande alienda nyuma ya duka na kile kipande, kisu na spana. Alikaa huko muda wa kusonga ubwali.

Eddy si mujinga. Alidai moteri ijaribiwe. Wakaifunga kwenye ukingo wa drum la maji, akavuta kamba, ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

"Polepole," Yolande alisema. "Drum itapasuka."

Basi wakaiacha iimbe polepole. Eddy aliyaangalia kwa mapenzi yale maji yanayopoza moteri, yakitoka kwenye drum na kurudi kwenye drum lilelile, na haikumujia hata kidogo kwamba anaangalia tekniki yake mwenyewe.

Alikodi mutumbwi, akafunga moteri, akaacha kasia ufukweni. Mutu wa moteri hashiki kasia. Dukani, Ngosa alikuwa amekwisha kumuita Chola aje kuchagua tundu, na telefone mukononi alikuwa anaona NGOSA DIREKTA inapungua, kijiti kimoja, kijiti kingine, kadiri mutumbwi ulivyokuwa unaenda mbali. Mwisho jina likazimika.

"Ni mawingu?" Chola aliuliza.

Yolande alikuwa ameshaazima mutumbwi wa jirani na makasia mawili. "Beba kisanduku chako," alimuambia mume wake. "Na upige kasia."

Nje ya matete Eddy aliipa moteri mafuta yote. Ikapiga kelele kubwa, na mutumbwi ukasimama. Alinyanyua moteri, akafungua elisi, yale mapanga yanayosukuma maji, kwa koleo. Mahali pa kale kapini ka chuma kanakoshikanisha elisi na mhimili, palikuwa na nyaya laini za shaba zilizosokotwa pamoja, zimekatika katikati. Kwenye drum zilitosha. Kwenye ziwa, hapana. Waya mumoja ulikuwa bado na ngozi yake, nyeupe yenye mustari wa bluu, kama zile za ndani ya kebo.

Alikuwa bado anauangalia walipofika. Yolande alifungua moteri akaihamishia kwake bila haraka, akafungua fundo la kitenge, akatoa kapini ka chuma, akakarudisha mahali pake. Akavuta. Moteri ikakohoa, ikaitika.

"Mama, hamuwezi kuniacha hapa," Eddy alisema. "Miye Muzambia."

"Asubuhi ulikuwa wa Lubumbashi."

"Hata kamba munivute."

"Kamba uko nayo." Alimutupia kisanduku, kebo ya bluu ikiwa bado imechomekwa kotekote. "Funga ncha moja mbele ya mutumbwi, ncha ingine nyuma ya mutumbwi uleule. Halafu vuta. Ile njo tekniki, papa."