Goti la Merriweather

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi, mkahawa wa Magda. Mjadala mkali. Je, Vioo, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Toledo, imsajili Tavion Merriweather? Mdakaji. Miaka thelathini na moja, hana mkataba, yuko huru kama upepo. Enzi zake ulikuwa ukimrushia mpira yadi arobaini anauchomoa hewani katikati ya mabeki wawili, utadhani anachuma tufaha. Lakini mwaka jana aliumia goti.

Stash Gorny, fundi bomba, akasema achukuliwe leo leo. Shemeji Burdette akasema goti likishavunjika ni kama kikombe: gundi itashika, chai haitakaa. Kicheko. Mimi nikasema goti limepona. Shemeji akauliza nimejuaje. Nikajibu nina mtu wangu ndani ya timu.

Sina mtu! Simjui hata mlinzi wa geti. Lakini kaunta nzima iligeuka kunitazama. Magda akanijazia kahawa bila kuombwa.

Sababu naiandika hapa tu. Shemeji ana tikiti mbili za msimu, viti vya katikati kabisa ya uwanja. Ya pili ilikuwa ya dada yangu Irena, mkewe. Irena alitutoka Novemba. Kiti ki wazi. Stash anakimezea mate. Keshapeleka supu kwa Shemeji mara mbili. Mimi sijui kupika. Nina akili tu.

Jumatano, 12 Machi

Wanataka habari zaidi. Stash kauliza goti lipi. Nikasema la kushoto. Kwa nini la kushoto? Sijui. Limetoka lenyewe.

Ila sasa nami nataka kujua. Goti la mtu huyo likoje hasa? Nimelala nikiliwaza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kliniki ya mifupa. Inasemekana wachezaji hupimwa hapo. Nikaingia nikichechemea. Nesi akauliza mguu gani. Wa kushoto, nikasema. Akasema mbona nachechemea wa kulia. Nikasema inapokezana.

Kwa saa mbili nimekaa na kaptula ya karatasi, masikio wazi. Sikusikia kitu. Daktari alipoingia nikamtega: mtu wa miaka thelathini na moja, mwenye mbio, akiwa na goti kama hili, atacheza tena? Akanitazama kitambi, akasema tuanze na ngazi.

Kisha akanionyesha picha. Goti langu limesagika kweli! Nilikuwa sijui. Nimetoka nikichechemea kwa haki.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya aibu.

Stash alisikia Merriweather anatua Detroit, mji jirani, saa nne kuonana na viongozi wa timu. Nikawahi uwanja wa ndege na kibao: MERRIWEATHER. Mpango: nijifanye dereva wake. Safari nzima mimi na yeye na goti! Ndege ilipotua nikampigia Magda simu. Nakuja naye, nikasema. Waambie wote. Mwambie Shemeji.

Akaja mtu. Mwembamba, miaka sabini hivi, koti la sufu, mkoba wa vyuma vya kazi. Akasoma kibao, akanipa mkono. Orville Merriweather, fundi wa vinanda vya kanisa, kutoka Vermont. Akasema padri wetu ni mwema sana kumtumia gari.

Ningesema nini? Nikambebea mkoba. Njiani akauliza, maana ni Ijumaa ya Kwaresima na nyama haliwi, wapi pana samaki mzuri. Mdomo wangu ukajibu: kwa Magda.

Nikafungua mlango. Watu ishirini, jezi ishirini. Stash akasema, “Huyu ndiye wa kuruka juu ya mabeki?” Shemeji akasimama, akamuuliza mgeni kwa adabu zote goti linaendeleaje.

“Bovu, ndugu yangu,” mzee akasema. “Yote mawili. Tangu mwaka themanini na tatu.”

Shemeji alicheka mpaka akashika kaunta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Novemba. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Dereva halisi wa kanisa alizunguka uwanja wa ndege kwa saa mbili akimtafuta mzee wa watu.

Jumamosi, 15 Machi

Mbinu mpya: unyenyekevu. Nimesimama mbele ya wote, nikatubu. Sina mtu ndani. Goti ni bovu. Merriweather haji Toledo, na akija nitaisugua sakafu ya Magda kwa mswaki! Magda akaandika maneno hayo ubaoni, juu ya bei za pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha. Nikamtupia Shemeji jicho la upole. Alikuwa anasoma gazeti.

Jumapili, 16 Machi

Vioo wamemsajili. Miaka miwili! Goti limepimwa, zima kabisa. Siku nne nilikuwa sahihi, nikajikana siku ya tano.

Nimesugua. Watu walikuja na watoto kutazama. Walipoondoka, Shemeji akavuta kiti, akakaa akinitazama nikisugua. Kisha akasema kiti cha Irena ni changu.

Mswaki ukanidondoka. Tangu lini?

“Tangu msibani, Lonnie. Nilikuwa nangoja uniombe tu.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, badala ya kuniacha nivae karatasi kliniki. Akasema Irena alikuwa na msemo wake nyumbani kila nilipoanza vituko: mwache, tuone atafika wapi. Naye alitaka kuona.

Sikuweza kumtazama. Nikaendelea kusugua mahali palipokuwa pamekwisha kutakata.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka mtu mpya. Kumbe jambo huombwa tu! Mdomo mmoja, sentensi moja, basi. Nimeapa: sitadanganya tena pale kaunta.

Saa mbili asubuhi Stash akauliza, haya, mdakaji tumempata, nani atakayemrushia mpira? Kila mtu akainamia kikombe chake. Ukimya ule! Nikasikia sauti ikisema kwamba kocha ameshaamua, na kwamba anayekata nyasi uwanja wa mazoezi ni rafiki yangu mkubwa. Sauti ilikuwa yangu. Wote wakageuka. Shemeji akakunja gazeti, akajisogeza karibu.

Kesho naenda kuomba kazi ya kukata nyasi. Ile mashine sijui hata inawashwa wapi.