Nimeliliwa Chini ya Mvule wa Masinya

Leo nimeliliwa nikiwa hai. Ngojeni niwasimulie mwenyewe kabla watu wa boda hawajawafikishia ya kwao.

Mnanijua. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani hapa Busia, lakini kipaji changu ni kupiga picha miti. (Ndiyo, kipaji. Aliyecheka atoke kwenye grupu.) Kuna mvule mmoja kule Masinya, upande wa Uganda, ambao nimekuwa nikiufuata mwaka mzima. Kiangazi ulipukutisha majani yote, matawi yakabaki wazi kama mishipa ya mkono. Mvua zikianza, unachipua. Yale majani machanga jua hupita ndani yake kama linavyopita kwenye pazia, na hayakai hivyo siku nyingi. Kwa hiyo asubuhi nilimwambia bosi natoka kidogo kufuatilia karatasi. (Karatasi hutoka kwenye miti. Sikudanganya.)

Wandera, bodaboda wangu wa kila siku, alinishusha kando ya shamba la mihogo la Mama Nabwire, mwenye mti. Mama mwenyewe hakuwepo. "Mimi nakwenda kuweka mafuta," Wandera akasema, "narudi sasa hivi."

Mvule haupigwi picha na mtu aliyesimama. Asiyejua kazi hupiga shina. Mimi nilitandika leso moja, zile za kujifunga kiunoni, chini, nikalala chali, nikapiga kuelekea juu mpaka nikatosheka. Upepo ukapita, mwanga ukanimwagikia usoni vipande vipande. Nikaweka simu kando nikatazama tu. Sijui niwaelezeje. Moyo unakaa kimya, hata yale malori yaliyokwama mpakani unayasahau.

Tatizo lilikuwa nzi. Leso huja mbili, kwa hiyo ile ya pili nikajifunika, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na kilio.

"Woi, mtoto wa watu," mwanamke alikuwa analia. Nikajiuliza nani kafiwa. Nikamhurumia kweli, nikawaza nikiamka nimpe pole. (Akili ilikuwa bado imelala.)

"Mtu asiguse yeye," sauti ya mwanaume ikasema. "Tungoje polisi."

"Lakini nani alimfunika?"

"Si yule alimuua."

Hapo ndipo nikamjua marehemu ni nani.

Ni rahisi kwenu kusema ningeamka. Unaamkaje mbele ya umati unaokulilia? Unaanza na nini, habari za asubuhi? Nikaamua nitulie, watu wapungue kwanza, niondoke na heshima yangu. Wakazidi kuja. Pikipiki ikasimama, nikasikia sauti ya Wandera.

"Huyu ni madam wangu. Nimemleta saa hii, alikuwa anaongea vizuri." Akapiga simu ofisini kwetu, akaweka spika, nikamsikia bosi akiuliza nimekufa na nini.

Wandera akafikiri. "Na mti."

"Umemwangukia?"

"Hapana. Umesimama tu."

Bosi akageukia la maana. "Na zile karatasi alipata?"

Nilitaka kuinuka kwa hasira, lakini katekista wa kijiji alikuwa ameshafika na kuwapigisha watu magoti. Sala yake ilikuwa ndefu na nzuri. Aliniombea msamaha wa dhambi, akataja chache kwa kukisia, na alikisia vizuri. Mwishoni wote wakaitikia, "Amina."

Na mimi nikaitikia, "Amina."

Sikukusudia. Mtu ukilelewa kanisani mdomo hujibu wenyewe.

"Nani amejibu huko ndani?" mtu akauliza polepole. Nikaona mambo yameisha, nikaketi, leso bado ikiwa kichwani. Katekista alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Wandera, mwanaume niliyemwamini, aliiacha pikipiki yake ikinguruma akakimbia kwa miguu. Alibaki mwanamke mmoja tu, yule aliyekuwa akilia, bado amepiga magoti. Alikuwa Mama Nabwire.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Nilijilaza kupiga picha mti."

"Mti gani?"

"Huu wako."

Akanitazama kana kwamba kufa kungekuwa na maana zaidi. Sikuwa na utetezi mwingine, nikampa simu. Akaona mvule ukiwa mtupu, akaona ulivyojaa vumbi, kisha akafika kwenye picha za leo. Hapo kidole chake kikasimama.

"Hii ni mti yangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nalima hapa miaka yote, najua kivuli yake tu."

Akainua kichwa. Wale waliokimbia wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kuona anatazama nini, nao wakainua vichwa. Hata katekista. Majani yakacheza juu yetu. Niaminini, kwa muda ule hakukuwa na mpiga picha wa kunishinda kutoka Busia mpaka Tororo.

Kisha Mama Nabwire akanichapa kofi la bega. "Siku ingine ukija kwa mti, piga hodi nyumbani kwanza. Nimelia mpaka kichwa inauma."

Nimerudi ofisini nimekuta Achieng wa mapokezi amekalia kiti changu. Akanipa pole. Hakuinuka.

Naona habari za kifo changu zilinitangulia humu. Sasa naomba wote mlioandika "pumzika kwa amani" humu mfute kabla mama yangu hajaona. Yule aliyeandika kwamba nilikuwa mchapakazi mwenye roho nzuri, wewe usiguse kitu.