Keki Zilizotukanwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimekubali. Shule ya msingi hapa Siluo imeniomba niongoze mradi wao wa maonyesho ya sayansi ya wilaya. Miaka thelathini na minne nimefundisha fizikia. Sita nimestaafu. Nimelitoa koti kabatini.

Mpinzani ni yule yule. Pan, tuliyekaa naye ofisi moja ya walimu, sasa anaongoza wanafunzi wa shule kubwa ya mjini Douliu. Amenishinda mara tatu mfululizo. Ya nne haitakuwepo.

Nilikwenda na mada tayari: mnara wa kupima upepo, wenye taa. Wasichana wawili wa darasa la sita wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakasema wana mada yao. Tzu-hsi ndiye msemaji. Mdomo wake hauna likizo. Wan-jou ndiye mwenye mada. Wanataka kuchunguza fagao, zile keki za mchele tunazopika kwa mvuke kwa ajili ya mwaka mpya.

Naeleza, maana shajara isiyoeleza ni orodha tu. Keki ikipasuka juu kama ua, mwaka utakuwa wa heri. Ikibaki bapa, hakuna anayesema kitu, lakini watu hula kimya kimya. Ndiyo maana zikiwa motoni ni mwiko kugombana, kulia au kutamka neno baya jikoni.

Nikauliza sayansi iko wapi hapo. Wan-jou akanijibu akiangalia viatu vyake. Mwaka jana, mkesha wa mwaka mpya, aliingia jikoni kwa bibi yake, akazikuta keki bapa, akauliza: “Bibi, mbona zimekufa?” Neno lenyewe hilo. Siku arobaini baadaye babu yake akafariki. Bibi hajawahi kumlaumu. Ila tangu siku hiyo, kila akipika keki, humtuma yeye dukani kununua siki, ilhali chupa ya siki nyumbani imejaa.

“Nataka kujua kama ni mimi,” alisema.

Nikawaambia nitaifikiria. Mnara una taa, lakini.

Jumatano, 6 Machi

Nimeifikiria. Kanuni za maonyesho zinatoa alama kwa mada inayotoka katika maisha ya mahali. Keki inatoka katika maisha ya mahali. Mnara nimeuacha.

Nimekwenda na wasichana sokoni kwa Bi Liao, bibi yake Wan-jou, anayeuza keki hizo tangu ujana wake. Nilimweleza kwa dakika ishirini maana ya jaribio na kikundi cha kulinganishia. Akawa anafunga keki za wateja. Nilipomaliza akauliza kama wastaafu wote hukosa kazi namna hii, au ni wa fizikia tu. Kisha akampimia mjukuu wake unga wa mchele, akamwandikia vipimo vyote nyuma ya kalenda. Akaniambia mimi, si yeye: “Mkitaka kutukana keki, zitukaneni huko huko shuleni. Jikoni kwangu hapana.”

Mpango ni huu. Vikapu vitatu vya mianzi vyenye vifuniko, kila kimoja juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mkorogo mmoja, moto sawa, dakika ishirini na tano. Cha kwanza kinaachwa kimya. Cha pili kinasifiwa. Cha tatu kinatukanwa. Kila tukio linaandikwa katika daftari la majaribio, kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Daftari hilo huwekwa mezani mbele ya majaji. Nimewasisitizia sana jambo hili la kutofuta. Sayansi ni uaminifu.

Jumamosi, 9 Machi

Raundi tatu leo, katika chumba cha sayansi. Tzu-hsi anatukana kwa kipaji. Alikiinamia kikapu akakiambia: “Nyie keki au kandambili? Hata mbwa wa hekaluni atawapita!” Mlinzi wa shule akaja kuangalia nani anapigwa.

Lakini neno lile Wan-jou alikataa mwenzake alitamke. Alisema ni lake. Alisimama wima mbele ya kikapu cha tatu, mikono nyuma, akalitamka mara tatu: mmekufa, mmekufa, mmekufa. Sauti ndogo.

Matokeo: zote zimepasuka. Zilizotukanwa pia. Nzuri kweli, zimefunguka pande nne. Wan-jou aliandika, akahesabu tena, akaandika. Nadhani alitabasamu. Sina hakika, maana nilikuwa na wasiwasi wangu.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Raundi tatu, hakuna tofauti. Bango litaandikwa nini? “Hakuna kilichotokea”? Nimeona miradi ya aina hiyo. Majaji huipita wakitafuta choo.

Jumatatu, 11 Machi

Pan amepiga simu. Eti anajulia hali. Wanafunzi wake wametengeneza mtambo unaopima kiu ya mizizi ya kitunguu saumu na kumtumia mkulima ujumbe. Akauliza sisi tuna nini. Nikasema ni siri. Akasema amesikia tunagombana na vitafunio. “Kang, ndugu yangu, angalia visikujibu,” alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Jaribio linahitaji tofauti. Tofauti moja tu, ndogo, ya kuwaamsha majaji. Baadaye mwanafunzi atapata mwenyewe sababu zake. Huko ndiko kufundisha.

Jumanne, 12 Machi

Raundi ya nne. Nimelifanya.

Wasichana wakishatukana hutoka kwenda ukumbini kuandika, kwa sababu chumbani kuna joto. Walipotoka, dakika ya tano, nilifunua kikapu cha tatu. Nikahesabu hadi thelathini. Nikafunika. Naeleza: keki hupasuka kwa sababu ngozi ya juu hukaza huku tumboni bado inaumuka. Mvuke ukitoroka mapema, kila kitu hupoa na kunywea. Kitu rahisi. Niliungua vidole viwili.

Zilizotukanwa zimetoka bapa. Sita kwa sita. Zimebonyea katikati kama mito iliyolaliwa.

Nilikuwa nimeandaa sura ya mshangao. Sikuitumia. Wan-jou alizihesabu mara mbili. Aliandika sifuri kwa wino. Akafunika kalamu. Akasema, “Basi, Mwalimu. Ahsante,” akachukua mkoba akaenda zake.

Nilikula keki moja bapa. Ladha ni ile ile.

Jumatano, 13 Machi

Wan-jou hakuja. Tzu-hsi anasema shuleni alikuwepo ila hakula chakula cha mchana, hata yai lililochemshwa katika chai, ambalo kwa kawaida hula hadi la mwenzake. Nilipita sokoni. Bi Liao akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Jana usiku kaomba akakae kwa shangazi yake, eti asije akamletea bibi balaa jingine. Nilimwambia sayansi ina vipindi vigumu. Akanirudishia mkoba wangu niliokuwa nimeuweka juu ya meza yake.

Mtu mwingine angeungama. Nimelipima. Nikiungama, mtoto atapoteza imani kwa walimu, jambo zito kwa jamii. Kuna njia bora. Kesho raundi ya tano, nitavifunua vikapu vyote vitatu. Zote zitakuwa bapa, zilizosifiwa na zilizotukanwa. Neno litaonekana halina kosa. Mizani itakuwa sawa. Wan-jou atapona, na hakuna atakayeumia.

Nitalala vizuri.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekamatwa.

Tzu-hsi alikuja peke yake, akapanga vikapu, akatukana kwa niaba ya wawili. Akatoka. Nilifunua cha kwanza na cha pili. Nilikuwa nimekishika kifuniko cha tatu aliporudi kuchukua rula. Nilikirudisha kwa wakati. Alisimama mlangoni. Akauliza kwa upole mbona miwani yangu imejaa ukungu. Nikasema chai. Akatazama mezani. Hakuna kikombe. Akasema, “Mwalimu, nionyeshe vidole.”

Sijawahi kuambiwa hivyo na mwanafunzi. Nilivionyesha.

Hakupiga kelele. Mtoto yule asiyenyamaza hata akitafuna aliviangalia kimoja kimoja. Kisha akasema taratibu: “Analala kwa shangazi yake, Mwalimu. Kwa sababu yako.” Akachukua baiskeli.

Nilibaki na keki. Nilijaribu kuandaa hotuba. Sehemu ya kwanza ilihusu historia ya makosa katika sayansi.

Walirudi wote wawili. Wan-jou alikuwa na macho mekundu na daftari mkononi. Hakutaka hotuba. Aliuliza kitu kimoja: nilifunua dakika ya ngapi? Nikasema ya tano. Kwa muda gani? Nikasema kuhesabu thelathini. Akaandika. Akaniomba nifanye tena, mbele yao, bila mtu yeyote kusema neno.

Bapa.

Akasema nirudie, sasa dakika ya kumi na tano. Zikapasuka.

Kisha akasimama mbele ya kikapu kingine kilichofunikwa vizuri, akatamka neno lake, mara nyingi, kwa sauti sasa, mpaka mlinzi akaja tena. Zikapasuka pande nne.

Akakaa chini. Tzu-hsi akamshika bega. Wan-jou akasema kitu nilichokiandika neno kwa neno: “Kifuniko kilikuwa mezani. Siku ile. Nilipoingia, kilikuwa tayari kiko mezani.”

Nikamwambia basi amuulize bibi. Akatikisa kichwa. Hawezi.

Jumamosi, 16 Machi

Raundi zimefika kumi na sita. Bango limebadilika. Linasema: “Neno au kifuniko?” Nilipendekeza kichwa kirefu zaidi. Kimekataliwa kwa kura mbili dhidi ya moja.

Pia nilipendekeza tuandike daftari upya, kwa ajili ya usafi, na raundi ya nne iitwe “hitilafu ya mvuke”. Wakanikumbusha kwamba hatufuti. Nani aliwafundisha ukaidi huu, sijui.

Ijumaa, 22 Machi

Maonyesho, Douliu. Ukumbi umejaa. Mtambo wa Pan unawaka taa tatu. Kitunguu saumu kilikuwa na kiu. Simu ya jaji ikalia. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu haruhusiwi kukaribia meza. Nilisimama nyuma ya kamba. Pan akaja kusimama kando yangu, kwa urafiki.

Jaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti inayofika mbali. Alifungua daftari. Akasoma kwa ukumbi mzima: “Raundi ya nne. Zilizotukanwa hazikupasuka. Sababu: Mwalimu Kang alifunua kikapu kwa siri ili tupate zawadi.” Akainua macho kunitafuta. Nikainamisha kichwa, kama mtu anayepokea heshima. Pan hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alinipa leso.

Jaji akawauliza walichofanya baada ya kugundua. Wan-jou akajibu kwamba walimshukuru, maana ndipo walipokijua kifuniko. Jaji akauliza mwanzo swali lilitoka wapi. Akaeleza yote. Mkesha wa mwaka mpya, neno, babu. Alipofika mwisho akasema: “Siku ile mtu alikifunua kifuniko mapema. Simjui ni nani. Lakini si neno langu.”

“Mimi.”

Ilikuwa sauti ya Bi Liao. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na aproni yake ya sokoni. Sikujua kama amekuja. Watu wakampisha. Alizungumza na mtoto tu, kana kwamba ukumbi ni jiko lake. Babu alikuwa ameita. Alitaka maji ya moto ya kumezea dawa, hana pumzi ya kusubiri. Birika lilikuwa baridi. Yeye akafunua kikapu, akakisogeza, akachota maji kwenye sufuria, akampelekea. Aliporudi, keki zimekwisha kunywea na mtoto yuko mlangoni anauliza.

“Nilijua tangu siku ile kuwa mkono ni wangu,” alisema. “Nikaogopa nimemuua kwa mkono wangu. Ulipolisema wewe lile neno, nikanyamaza. Mwaka mzima nimenyamaza, mwanangu.”

Wan-jou akaizunguka meza. Ni marufuku kutoka nyuma ya meza jaji akiwa mbele. Akatoka. Akamwambia bibi yake kwamba maji yalikuwa ya dawa, na kwamba keki haijui kuua mtu, wamejaribu raundi kumi na sita. Bi Liao akasema alipaswa kuletewa hesabu hiyo mapema. Wakashikana. Jaji akafunga daftari na kusubiri.

Pan amepata wa kwanza. Sisi tumepata cheti cha pongezi tu, bila nafasi. Wasichana hawakukiangalia. Walikuwa wanakula soseji nje na Bi Liao. Aliponiona alininunulia moja. Akasema nile kwanza, matusi yatafuata.

Jumatatu, 25 Machi

Nimetafakari kwa kina, kama inavyompasa mtu wa umri wangu, na nimefikia hitimisho. Bila mkono wangu kufunua, kifuniko kisingejulikana, na familia ile isingepatana. Jaribio zuri linahitaji mkono wa mtu mzima. Nimeiandikia shule barua ya kurasa nne kuieleza kanuni hii. Bado hawajajibu.

Wakati huo huo darasa la pili wanafuga viwavi wa hariri, kama kila majira ya machipuo. Wameweka masanduku mawili: moja linapigiwa filimbi kila asubuhi, jingine linaachwa kimya. Wanataka kujua ni viwavi wa sanduku lipi watakaosokota hariri nyingi zaidi. Mwalimu wao ni kijana, hana uzoefu. Nilipita leo saa ya mapumziko kuwasalimu. Tofauti ilikuwa ndogo mno, ya kusikitisha.

Nimehamishia wanne tu kwenye lile la filimbi. Wanene.